Mfereji Hauzinduliwi Mara Mbili

Nimekuwa kimya kwa karibu wiki tatu, msinilaumu. Nilikuwa Kipini, pale Mto Tana unapoingia Bahari Hindi, mahali ambapo mtandao wa simu hujaa na kupwa kama bahari yenyewe. Nimerudi na matope kwenye viatu, daftari lililolowa maji, na habari moja ambayo mhariri wangu aliimaliza kwa maneno machache tu: "Mfereji si habari. Ukizinduliwa, niite. Ukibomoka, niite. Hapo katikati hakuna kitu."

Sikubishana naye. Anaijua kazi yake, na ndivyo sisi sote tulivyofunzwa. Lakini njia nzima ya kurudi Mombasa, ndani ya basi lililojaa magunia na kuku, maneno hayo yalinizunguka kichwani. Hapo katikati hakuna kitu? Jamani, hapo katikati ndipo watu wanapolima, wanapokula na wanaposomesha watoto. Uzinduzi ni siku moja. Mafuriko ni wiki mbili. Hiyo miaka mingine yote ni ya nani?

Basi habari iliyokosa nafasi gazetini naileta hapa, na hoja yangu naitoa mapema ili asiye na muda asihangaike kusoma hadi mwisho: sisi ni watu tunaojua kuchimba na tunaojua kuomboleza. Kutunza hatujui, na kibaya zaidi hatutaki kukulipia.

Kwanza niwaeleze kilimo chenyewe, maana mimi mtoto wa mjini nilikuwa sikijui. Wengi wetu tukisikia neno umwagiliaji tunafikiria pampu inayonguruma na mabomba ya plastiki. Katika vijiji vya delta kama Ozi, Kilelengwani na Kau mambo ni tofauti. Pampu yao ni mwezi. Bahari ikijaa, huusukuma mto urudi nyuma. Mto unapanda, na maji yanayokaa juu ni yale matamu, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito na hujikokota chini. Mkulima ambaye mfereji wake umekaa kwa kipimo huyafungulia maji hayo matamu yaingie hadi kwenye majaruba ya mpunga. Bahari ikipwa, huyafungia ndani yabaki, au huyaachia yatoke yakiwa yamesafisha shamba. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji hayafiki mashambani. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, yanafika. Hakuna dizeli, hakuna bili ya stima. Wapokomo wamelima hivyo kwa vizazi, na wenzao wa delta ya Rufiji kule Tanzania nao hulima mpunga wakitegemea mto unaosukumwa na bahari.

Nikiri kwamba nilipoelezwa haya mara ya kwanza nilidhani natiliwa chumvi, na samahani kwa neno hilo. Mzee aliyenipokea alinishika mkono akanipeleka ukingoni alfajiri, akachota maji kwa kiganja, akaonja, akatema. "Bado," akaniambia. Tukakaa. Baada ya muda akaonja tena, akaonja mara ya tatu, kisha akaondoa vibao na udongo uliokuwa umeziba mdomo wa mfereji. Sijawahi kuona mhandisi akifanya kazi kwa ulimi.

Lakini mfereji huo wa ajabu una vifo viwili, na hapa ndipo kilio changu kinapoanza.

Kifo cha kwanza ni tope. Maji ya Tana ni mazito kwa udongo uliotoka bara. Kila yanaposimama kidogo, kati ya kujaa na kupwa, tope linatua chini. Ukiuacha mfereji misimu michache bila kuuzibua, sakafu yake inapanda, bamvua ndogo haifiki tena shambani, magugu yanaota, na jaruba linakauka huku mto unapita hatua chache tu kutoka hapo. Na si kukauka tu. Udongo wa maeneo yaliyokuwa na mikoko una salfa na chuma ndani yake. Ukiwa umelowa, umetulia. Ukikauka ukaingiwa na hewa, unatengeneza tindikali, na mpunga hauna ujanja wa kukwepa tindikali.

Kifo cha pili ni kinyume cha hicho, nacho ndicho kilichonishangaza zaidi: mmomonyoko. Mtaro wa kawaida hupitisha maji upande mmoja. Huu hupitisha maji mara nne kwa siku, mawili yanaingia na mawili yanatoka, na yanayotoka hukwangua kingo. Kaa wanatoboa tuta. Ng'ombe wanashuka kunywa, wanabomoa ukingo. Kiboko naye anapita anapotaka. Tundu dogo linakuwa ufa, ufa unakuwa mlango. Mdomo ukipanuka, maji mengi zaidi yanaingia. Yakiingia mengi, yanatoka mengi na kwa kasi zaidi. Yakitoka kwa kasi, mdomo unapanuka tena. Hesabu hiyo haina mwisho mwema. Siku bahari inapokuja na nguvu na mto umepungua, hakuna tena cha kuizuia chumvi, inaingia mpaka kitandani mwa mpunga.

Kwa hiyo ukiziba, shamba linakufa kwa kiu. Ukipanuka, linakufa kwa chumvi. Kinachouweka mfereji hai ni mtu mwenye chepe anayeuangalia kila mwezi. Akiugua mtu huyo, akifa, au akihamia Malindi kutafuta kibarua, mfereji unaanza kuchagua kifo kimojawapo.

Mtu asinijibu kwamba natia chumvi tena. Ushahidi upo, tena ni mkubwa kiasi kwamba umechorwa kwenye ramani ya Kenya. Unaitwa Belezoni.

Zamani Tana haukuwa ukimwaga maji yake Kipini. Mdomo wake ulikuwa kusini zaidi. Kipini palikuwa na mto mwingine mdogo, Ozi. Katika karne ya 19, enzi za usultani wa Witu, ulichimbwa mfereji wa kuunganisha mito hiyo miwili ili mitumbwi ipite na nafaka. Huo ndio Belezoni. Ulikuwa na faida kubwa, hata mwaka 1889 ukazua mzozo wa ushuru kati ya kampuni ya Waingereza ya IBEA na upande wa Witu uliokuwa chini ya ulinzi wa Ujerumani. Wakubwa waligombania nani atatoza ushuru kwenye mfereji ule. Maji yenyewe hayakuwa na habari na ushuru. Yaliendelea kula kingo, mfereji ukapanuka, na mwisho Mto Tana wenyewe ukahamia ndani yake. Njia ya mitumbwi ikawa mto. Leo maji mengi ya mto mrefu kuliko yote Kenya yanaingia baharini kupitia Ozi, na mdomo wa zamani ukabaki kuwa wa bahari zaidi kuliko wa mto.

Fikirieni maana yake kwa mkulima. Upande mmoja watu walipata maji matamu ambayo babu zao hawakuwa nayo. Upande wa pili chumvi ikachukua nafasi ya mto ulioondoka. Hakuna bunge lililopitisha uamuzi huo. Uliamuliwa na ukingo ambao haukushikiliwa.

Somo la pili liko juu zaidi ya mto huohuo, Hola. Huko hakuna kujaa na kupwa, lakini ugonjwa ni uleule. Mradi wa umwagiliaji wa Hola ulianzishwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1950 kwa jasho la mahabusu wa Mau Mau. Machi 3, 1959, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa walipokuwa wakilazimishwa kufanya kazi kwenye mradi huo, na taarifa ya kwanza ya serikali ikadai walikufa baada ya kunywa maji. Yaani kuna damu ya watu ndani ya ule mfereji. Tukaurithi tukiwa huru. Kisha mwaka 1989 Tana ukahama njia, ukaliacha banio la maji likiwa kavu, na mashamba yakafa. Mradi ulikuja kufufuliwa baadaye, lakini familia zilizokuwa pale wakati huo ziliishi na ukavu huo kwa miaka. Mto kuhama si ajali ya ghafla kama radi. Mto hula ukingo mwaka hadi mwaka, na mwenye macho huona. Swali ni kama mwenye macho ana bajeti.

Somo la tatu ni la karibu na Garsen. Mradi mkubwa wa mpunga wa delta, chini ya mamlaka ya TARDA na kwa msaada wa Japani, ulikuwa na matuta, mifereji na mashine ya kukoboa. Ikaja El Niño ya 1997 na 1998, matuta yakavunjika, mifereji ikajaa tope, na mashamba yakalala. Mvua ile ilikuwa kubwa kweli, sikatai. Lakini kila mwenye delta anajua mafuriko yatakuja. Yalikuja 1961, yakaja 1997, yakaja 2018, yakaja mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024. Ukijenga tuta bila kutenga fedha za kulijenga tena, hujajenga. Umekodi tu.

Na delta haipambani na bahari peke yake. Juu ya mto kuna mabwawa matano yaliyojengwa kati ya 1968 na 1988: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Sitayalaani, maana taa inayonimulikia sasa huenda inatoka huko. Lakini mafuriko ya kawaida ya msimu, yale yaliyokuwa yakiisafisha chumvi delta na kuiachia rutuba, yamepunguzwa makali ili sisi wa mijini tupate umeme, na juu kabisa mto huohuo unakatwa maji ya kunywa ya Nairobi. Kisha ukaja ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano mfululizo ya mvua hafifu. Mto ukinyong'onyea, bahari haingoji kukaribishwa. Nimeona miembe iliyokauka ikiwa imesimama wima, kama watu waliofia kwenye foleni. Mwembe ni mti unaopandwa na babu akiwafikiria wajukuu. Chumvi haifikirii wajukuu.

Sasa najua baadhi yenu mtanijibu nini, kwa hiyo niwawahi.

Wa kwanza atasema: ndugu, dunia imebadilika, achana na jembe, peleka katapila. Sina uadui na katapila. Likitumika kwa akili litafanya kwa siku moja kazi ya watu hamsini. Lakini mfereji wa bamvua si mtaro wa barabarani. Kina chake ni siri yake. Chimba chini kupita kiasi, na unaifungulia njia ile chumvi inayotambaa chini ya maji matamu. Tuwatazame Indonesia, nchi yenye mabonde makubwa ya kilimo cha kupwa na kujaa. Kule Kalimantan, Wabanjari wamechimba mifereji kutoka mitoni kwa mikono tangu zamani na kuitunza kwa kazi ya pamoja. Mwaka 1995 serikali ya Suharto ikaja na mpango wa kugeuza hekta milioni moja kuwa mashamba ya mpunga, ikachimba maelfu ya kilomita za mifereji kwa mashine. Mifereji hiyo ilikausha ardhi ya mboji, ardhi ikashika moto mwaka 1997, mpunga ulioahidiwa haukuonekana, na mpango ukafutwa. Walichimba haraka kuliko walivyoweza kutunza. Hilo ndilo onyo lenyewe.

Wa pili atasema: bahari inapanda duniani kote, mnapoteza muda, wahamisheni watu. Huyu ananiuma zaidi kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli. Bahari inapanda. Lakini mtu hahami nyumba kwa sababu paa linavuja wakati fundi yupo. Mlango wa maji unaofungwa vizuri na tuta lisilo na matundu hununua miaka, na miaka hiyo ni watoto wanaomaliza shule. Halafu niambieni, wahamie wapi? Mwaka 2012 na 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya delta hii, kati ya Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji, na ardhi na maji vilikuwa kiini cha ugomvi. Kila jaruba linaloliwa na chumvi linamsukuma mkulima akalime karibu zaidi na njia ya ng'ombe. Mwenye kudhani mfereji ulioziba ni shida ya mpunga tu, arudie kusoma magazeti ya miaka ile. Hapo katikati, bwana mhariri, kulikuwa na kitu.

Wa tatu atasema: wenyeji wenyewe wafanye, mbona zamani walifanya? Huyu ndiye ananikasirisha. Zamani kijiji kizima kilitoka siku moja na majembe, kweli. Lakini zamani mto ulikuwa wao peke yao. Leo maji yao tumeyashika sisi juu, vijana wao tumewavuta sisi mijini, kisha tunawaambia akina mama na wazee waliobaki wajitolee! Mbona barabara ya Nairobi hadi Mombasa haikarabatiwi kwa kujitolea? Kila lita ya petroli tunayonunua Kenya ina tozo ya matengenezo ya barabara, iliyopanda kutoka shilingi 18 hadi 25 mwaka 2024. Maana yake serikali inaelewa vizuri kabisa kwamba kitu kikijengwa lazima kilipiwe kutunzwa. Inaelewa kwa lami. Kwa mfereji inasahau.

Basi mimi nataka nini? Nataka mambo manne, wala si makubwa.

Kwanza, mfereji wowote utakaochimbwa au kufufuliwa kwa fedha za umma katika delta uje na fungu lake la matengenezo la miaka kumi, lililotengwa kabla ya utepe kukatwa. Hakuna fungu, hakuna utepe.

Pili, kazi ya kuzibua kabla ya mvua za masika ilipwe. Tuiite ajira, kwa sababu ni ajira. Serikali ya kaunti ina wajibu wa kilimo tangu ugatuzi wa 2013. Kijana akipata ujira wa wiki chache kwa kazi anayoijua, huenda asipande lile basi la kuku nililopanda mimi.

Tatu, kila mdomo wa mfereji uwe na mlango wa maji wa kufunga na kufungua, na mwenye kauli juu yake awe kijiji. Sheria ya Umwagiliaji ya 2019 inatambua vyama vya watumiaji maji. Visiwe vyama vya kupigia picha. Mzee anayeijua chumvi kwa ulimi wake awe na sauti mbele ya mhandisi mwenye mashine ya kupimia. Wote wawili wanahitajiana.

Nne, wafugaji waitwe kwenye kikao hichohicho. Njia za mifugo kwenda mtoni, zile zinazoitwa malka, ziachwe wazi na zikubalike, ili ng'ombe asilazimike kushuka kwenye ukingo wa mfereji. Na mikoko ya mdomoni iachwe isimame, kwa sababu mizizi yake inashika udongo bure, mchana na usiku.

Siku yangu ya mwisho nilimuuliza yule mzee swali la kijinga, lile ambalo waandishi tunalipenda: "Baba, huu mfereji ulichimbwa lini?"

Akanitazama kama nimemuuliza alikula lini maishani mwake. "Mwanangu, unachimbwa kila mwaka. Mwaka huu ulichimbwa mwezi wa pili."

"Na mwaka ujao?"

Hakujibu upesi. Alinionyesha upande wa pili wa mfereji, kwenye majaruba mawili ya jirani yake aliyehamia mjini. Mdomo ulikuwa umepanuka kiasi cha mtumbwi kupita, na udongo juu ulikuwa na ule weupe wa chumvi kavu. Ukingo uliobaki kati ya mfereji ule na wake niliupima kwa miguu. Hatua tisa.

Hiyo ndiyo habari niliyorudi nayo. Hatua tisa, na hakuna aliyezindua wala kufa bado, kwa hiyo haina nafasi gazetini. Nimeiweka hapa ili siku ukingo huo ukiisha, mtu asije akasema ilikuwa ajali.